Nameza dawa za TB, lakini moyo unaniambia ni vumbi

BARUA

Jambo Mama Mshauri,

Nakuandikia usiku, watoto wakiwa wamelala. Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka 39, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Tangu mwaka 2013 nafanya kazi katika kampuni ndogo inayotayarisha sampuli za mawe kwa ajili ya migodi. Wanapotoboa ardhi kutafuta shaba na kobalti, mawe yanayotoka huletwa kwetu katika mifuko. Tunayakausha kwenye tanuri, tunayavunja kwa mashine, kisha tunayapitisha kwenye mashine nyingine inayoyasaga mpaka yanakuwa laini kuliko unga wa bukari. Ndipo tunayapima, tunayatia katika bahasha ndogo, yanakwenda maabara.

Chumba chetu kina dirisha moja na feni ambayo mara nyingi imekufa. Zamu ikiisha tunachukua bomba la upepo, lile lile la kusafishia mashine, tunapulizana salopeti mmoja baada ya mwingine ili tusirudi nyumbani weupe. Dakika hizo humwoni mwenzako. Tuna kashene za kitambaa, zile zilizobaki tangu wakati wa Covid. Wengine hawazivai kabisa kwa sababu ya joto.

Mwaka 2019 nilipata TB. Wakati ule hakukuwa na ubishi: walipima makohozi, vijidudu vikaonekana. Nilimeza dawa miezi sita bila kuruka siku, nikapona, nikarudi kwenye mashine zile zile.

Tangu mwaka jana kikohozi kimerudi. Ni kikavu, hasa asubuhi. Sina homa, sitoki jasho usiku kama mara ya kwanza. Nimepungua kidogo tu. Kinachonitisha ni pumzi. Zamani nilibeba mfuko wa makala begani kutoka barabarani mpaka nyumbani. Sasa nikiwa na ndoo moja ya maji nasimama njiani, natoa simu, najifanya nasoma ujumbe ili watu wasijue kwamba natafuta hewa.

Nilikwenda hospitali. Makohozi yalipimwa kwa darubini, hawakuona kitu. Wakapima kwa mashine ya GeneXpert, hakuna kitu. Picha ya kifua ikaonyesha madoa mengi sehemu ya juu, kulia na kushoto. Munganga akasema: “Ulishawahi kuwa na TB, picha ni mbaya, tuanze dawa.” Nikaanza. Sasa niko mwezi wa tatu. Mkojo umegeuka rangi ya chungwa kama wakati ule, lakini kifua hakijabadilika hata kidogo. Mara ya kwanza wiki chache tu zilitosha nikaanza kula vizuri.

Mwezi uliopita rafiki alinipeleka kwa munganga mwingine, kijana bado. Kabla ya kuangalia picha aliniuliza: “Baba, unafanya kazi gani?” Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo hospitalini. Nilipomweleza chumba chetu alinyamaza kidogo, akasema inaweza kuwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe, na kwamba hauna dawa ya kuuondoa. Akaniandikia nikapigwe skana na nikapulize kwenye mashine ya kupima pumzi. Pesa za skana sina. Karatasi yake nimeiweka katika mfuko wa koti ambalo silivai.

Mama, nakuambia ukweli: naomba iwe TB. TB ina mwezi wa sita, ukifika umemaliza. Mke wangu anajua ni TB. Ametenga sahani na kikombe changu, watoto hawaingii tena chumbani kwetu, naye anavumilia kwa sababu anahesabu miezi. Ndugu zake wananong’ona kwamba ni ukimwi, ingawa nilipimwa kituoni na sina. Nikimwambia ni vumbi, atanitoa kazini siku hiyo hiyo, na hapo tutakula nini? Mkataba wangu ni wa miezi sita sita, unarudiwa kila mara. Mwenzetu mmoja aliyeanza kuleta karatasi za hospitali, mkataba wake haukurudiwa. Hakuna aliyemwambia sababu.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22, amemaliza shule na hana kazi. Nimemwombea nafasi kwa mkubwa wetu muda mrefu, sasa imepatikana. Anaanza mwezi ujao, chumba kile kile. Mama yetu amefurahi mpaka ametoa sadaka kanisani.

Niache hizi dawa za TB? Niwaambie kazini? Nimzuie mdogo wangu kwa sababu ya ugonjwa ambao hata sijui kama ninao?

Ninayetafuta pumzi, Katuba


JIBU

Ndugu yangu wa Katuba, jambo, na pole sana.

Umenishika pale uliposema unaomba iwe TB. Sikushangaa. Nchi yetu ya Kongo ni mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB duniani, kwa hiyo ugonjwa huo tunaujua. Una vituo vyake, kadi yake, dawa zake za bure, na siku yake ya mwisho. Vumbi halina kituo wala kadi. Vidonge unavyomeza kila asubuhi vinabeba mambo mengi kuliko mapafu yako: utulivu wa nyumba, mkataba, kazi ya mdogo wako, furaha ya mama yenu. Jina moja la ugonjwa limebebeshwa yote hayo. Tujaribu kuyatenganisha, maana mengine yanaweza kusubiri vipimo na mengine hayawezi.

Naanza na dawa, kwa sababu hapo ndipo unaweza kujidhuru upesi. Tafadhali usizikatishe peke yako. Kipimo kisichoonyesha kitu hakimaanishi moja kwa moja kwamba TB haipo, na daktari anaruhusiwa kuanza matibabu kwa kuangalia picha na historia ya mgonjwa. Kama TB ipo na ukaacha katikati, vijidudu vinavyobaki vinaweza kuzoea dawa, na matibabu ya TB sugu ni magumu kuliko haya. Lakini kutokuacha si sawa na kunyamaza. Mwezi wa tatu bila nafuu yoyote ni habari ambayo aliyekuanzishia dawa anapaswa kuisikia kutoka kwako, pamoja na ile ambayo hukumpa kwa sababu hakuuliza: kazi yako. Mpelekee karatasi iliyo kwenye koti. Simwoni yule munganga wa kwanza kuwa mtu mbaya. Kwa alichokuwa nacho mezani, uamuzi wake unaeleweka. Alikosa maelezo ya kile chumba.

Muulize pia kama makohozi yako yaliwahi kuoteshwa maabara. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa, hilo lina uzito wake. GeneXpert inatafuta chembe za urithi za kijidudu, na inaweza kuokota hata mabaki ya vijidudu vilivyokufa zamani. Kuotesha kunaonyesha kilicho hai, na pia dawa zipi zinakiweza, ingawa majibu huchukua wiki kadhaa. Na sampuli yenyewe iwe ya kweli. Wengi hutema mate, kisha maabara inasema hakuna kitu. Asubuhi, kabla ya kula, suuza mdomo kwa maji, simama nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu ukiishikilia kidogo kila mara, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kizito, cha kunata. Kama kikohozi ni kikavu na hakileti kitu, waambie. Wana njia ya kukuvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili makohozi yapande.

Sasa tuje kwenye lile neno. Mawe mengi yana madini yanayoitwa kwatzi, na kwatzi ni silika. Yakisagwa, sehemu ndogo kabisa, zile za chini ya mikromita 10, hupita pua na koo na kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi, kwa hiyo vumbi hilo hulioni, na kashene ya kitambaa hailizuii. Weupe mnaouona mkipulizana hutua baada ya muda. Kile msichokiona hubaki kikielea hewani saa nyingi, na anayeingia zamu ya pili anakivuta.

Likifika chini, chembe za kinga za mapafu hulimeza ili kulisafisha, kisha chembe hizo hufa na kuacha uvimbe, na uvimbe huwa kovu. Makovu hayo madogo ya mviringo hukaa zaidi sehemu ya juu ya mapafu, pande zote mbili. Ndiyo maana kwenye picha silikosisi na TB zinaweza kumchanganya hata daktari mzoefu.

Hapa nina swali kwako. Umeandika kana kwamba ni lazima iwe TB au vumbi. Lakini chembe za kinga zinazouawa na silika ndizo zinazotakiwa kupigana na kijidudu cha TB, kwa hiyo mtu anayevuta vumbi hilo hupata TB kwa urahisi zaidi kuliko wengine, na hatari hiyo haimwachi hata akiacha kazi. Shirika la Afya Duniani linataka wafanyakazi wa aina yako wawe wanapimwa TB kwa utaratibu, hata kama hawajasema wanaumwa. Huenda TB yako ya mwaka 2019 ilipitia mlango uliofunguliwa na vumbi. Huenda leo unayo yote mawili. Na huenda ni jambo la tatu: TB iliyopona huacha makovu na mirija iliyoharibika, na mtu hubaki na kikohozi na pumzi fupi bila kijidudu hata kimoja. Wengine wanaoshughulika na kobalti hupata pumu. Siwezi kukuambia lipi ni lako. Naona tu kwamba jibu unaloliomba, hata likija, huenda lisifunge mambo kama unavyotarajia.

Kuhusu skana, usiifanye kuwa ukuta. Hakuna kipimo cha damu kinachosema “silikosisi”. Daktari huitambua kwa kuunganisha historia ya kazi, picha ya kifua na kuondoa magonjwa mengine. Mara nyingi picha ya kawaida nzuri, iliyosomwa na mtu anayejua unakofanya kazi, inatosha kwa kuanzia, na skana huja kama bado kuna shaka. Kipimo cha kupuliza nacho ni cha dakika chache: unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka hewa iishe, mashine inaonyesha kama mirija imebana au mapafu yamekuwa magumu. Uliza katika Kliniki za Chuo Kikuu au katika hospitali ya Sendwe ni wapi kinapatikana na kwa bei gani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimechunguza uchafuzi wa migodi kwa miaka mingi, kwa hiyo huko chumba chako hakitakuwa habari ngeni.

Na kuna kitu ambacho labda unacho tayari nyumbani bila kukijali: picha ya kifua ya mwaka 2019. Itafute. Ikiwa haipo kwako, ulizia ulikotibiwa. Ikiwekwa kando ya ile ya sasa inaweza kusema mengi. Makovu ya TB ya zamani hukaa palepale. TB mpya hubadilika katika wiki au miezi. Silikosisi hutembea polepole, kwa miaka. Hakuna skana itakayokupa mwaka 2019 wako.

“Hauna dawa” ni kweli kwa maana moja: kovu lililokwisha kuingia haliondoki, na ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya kuacha vumbi. Sitakuficha hilo. Lakini wapo wanaoishi nao miaka mingi wakifanya kazi nyingine, na anayeendelea kuvuta vumbi huwa na mwendo tofauti na aliyeacha. Mirija ikiwa imebana kuna dawa za kuvuta. Ikithibitishwa kwamba huna TB hai, kuna dawa za kuizuia isije. Kuna chanjo za magonjwa ya mapafu, kuna mazoezi ya pumzi. Na kama unavuta sigara (hukusema), kuacha kutakusaidia kuliko vidonge vingi.

Tuzungumze kazi sasa. Unaonekana kuamini kwamba ukishajua, lazima kazini wajue. Hayo ni mambo mawili. Daktari uliyemwendea mwenyewe anafungwa na siri ya mgonjwa, hawezi kumpigia simu mkubwa wako. Daktari wa kampuni naye ana siri hiyo hiyo, ila kazi yake ni pamoja na kuiambia kampuni kama unafaa au hufai, kwa hiyo ni haki yako kufikiri vizuri ni nani umwendee kwanza. Unaweza kulijua jina la ugonjwa wako na kukaa nalo muda mpaka uone njia.

Njia zipo, na kila moja ina bei. Kukaa kimya na kuendelea kunalinda mshahara wa mwezi huu, na gharama yake unailipa kwa pumzi. Kuomba kuhamishiwa kwenye kupima, kuandika au kuendesha gari kunaweza kukutoa katika vumbi bila kukutoa katika kampuni, lakini utaulizwa kwa nini. Kutangaza kuwa ni ugonjwa wa kazi kunaweza kukufungulia haki, na kunaweza pia kukupeleka kwenye mvutano mrefu na mwajiri huku ukiwa umechoka. Sina ujasiri wa kukuchagulia, kwa sababu si mimi nitakayelipa kodi ya nyumba.

Ninayoona haina gharama kubwa ni kulisema vumbi bila kuusema ugonjwa. Vumbi la chumba kile si siri ya mtu. Mkiwa wengi, mkienda pamoja na delege, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, hakuna anayeonekana mgonjwa. Ombeni feni itengenezwe na mashine ya kusaga iwekewe mfereji wa kunyonya vumbi pale linapotokea. Ombeni sakafu ifutwe kwa maji badala ya kufagiwa kavu. Ombeni barakoa za kuchuja zinazobana uso, za aina ya N95 au FFP2, na mjue kwamba ndevu huziachia mwanya. Na bomba la upepo likome. Ndugu yangu, hilo la bomba limeniuma kuliko yote uliyoandika. Mnalichukua vumbi lililokwisha kutua kwenye nguo, mnalirudisha hewani, kisha mnalivuta mkiwa mmesimama katikati yake. Kuliacha hakuhitaji bajeti wala karatasi ya hospitali. Mnaweza kuliacha kesho, mkabadilisha nguo kazini, salopeti ikatiwa kwenye mfuko na kuloweshwa kabla haijapigwapigwa.

Nikuulize na hili: una hakika mkataba wako ni mwepesi kama unavyodhani? Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, hairuhusu mkataba wa muda maalumu urudiwe zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule, isipokuwa kwa kazi chache kama zile za msimu. Ukirudiwa kupita hapo, huhesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Wewe unarudiwa tangu mwaka 2013. Sisemi ukapige meza. Sheria iliyoandikwa haimlishi mtu siku anapofungiwa lango, na yule mwenzenu mlimwona. Lakini onyesha mikataba yako kwa mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria kabla ya kuamini kwamba huna pa kusimama. Angalia pia kwenye karatasi zako za mshahara kama kampuni inakulipia CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Ajali na magonjwa ya kazini yamo katika mfuko huo, na mchango wa sehemu hiyo hulipwa na mwajiri peke yake.

Kwa vyovyote utakavyoamua, weka karatasi zako pamoja: mikataba, karatasi za mshahara, picha zote za kifua, kadi ya TB ya mwaka 2019. Huko Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi, wakiwemo waliotoka Lesotho na Msumbiji, walihangaika miaka mingi mpaka mahakama ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya fidia mwaka 2019. Kulipwa kulidai kuonyesha ulifanya kazi wapi, lini, na mapafu yako yana nini. Wengine walikufa kabla, na wajane wakaachiwa kazi ya kutafuta karatasi.

Kuhusu mdogo wako. Umeuliza kama unaweza kumzuia kwa ugonjwa usiojua kama unao. Mimi naona majibu yako ya hospitali hayahusiki sana. Chumba unakijua. Feni unaijua. Hata kama mapafu yako yangekuwa mazima kabisa, ungekuwa na la kumwambia kijana wa miaka 22 anayeingia mle. Vumbi likiwa zito sana, ugonjwa huu hausubiri miaka kumi, unaweza kujitokeza mapema zaidi. Halafu, neno lako ni “kumzuia”. Ni mtu mzima. Je, unaweza kumweleza yote, pamoja na ndoo ya maji na simu unayojifanya kusoma, kisha naye akawa sehemu ya uamuzi? Anaweza kukataa nafasi, na mama yenu akakulaumu. Anaweza kukubali kwa sababu njaa nayo inaua. Anaweza kukataa hapo akaenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako vumbi si dogo na ardhi huporomoka. Kila upande una hofu yake. Akiamua kuingia, apigwe picha ya kifua kabla ya siku ya kwanza, aihifadhi, na aingie na barakoa ya kweli. Na kama mkubwa wenu anakusikiliza mpaka akakupa nafasi, labda anaweza kusikiliza ombi la nafasi hiyo iwe ya stoo au ya kupokea mifuko nje.

Mkeo nimemwacha mwisho, lakini simwoni wa mwisho. Anahesabu miezi. Utamwambia nini mwezi wa sita ukifika na bado unasimama njiani na ndoo? Umesema atakutoa kazini siku hiyo hiyo. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba ana hesabu zake, ndugu zake, biashara aliyoifikiria, au ameshaona jinsi unavyopanda njia na anangoja useme. Unamjua, mimi simjui. Ukimwambia, mwambie na haya: silikosisi haiambukizi mtu, na TB huenea kwa hewa, haipiti kwenye sahani wala kikombe. Wakati mnasubiri majibu ya kuotesha, dirisha lililofunguliwa lina maana kuliko vyombo vilivyotengwa. Anaweza kukurudishia kikombe chako.

Usisubiri miadi yoyote ukikohoa damu, ukikosa pumzi hata umekaa, midomo ikibadilika rangi, au maumivu makali yakikushika ghafla upande mmoja wa kifua. Vivyo hivyo macho yakigeuka manjano, maana hizo dawa zinaweza kugusa ini. Hapo ni hospitali mara moja, hata usiku.

Na watoto wapelekwe kituo cha TB wiki hii, hasa kama kuna aliye chini ya miaka mitano. Wapimwe, na mkeo pia. Ikionekana hawana TB, kituo kinaweza kuwapa dawa za kuwakinga, kama daktari wako bado anakuhesabu kuwa mgonjwa wa TB. Hilo halingoji skana, halingoji kazini, wala halikudai uwe umeshaamua lolote kati ya hayo mengine.

Mama Mshauri